Fomu Yenye Mstari Mmoja

Tarehe 4 Machi

Daktari ameweka kifaa chake kifuani mwangu, akasikiliza kwa muda mrefu kama mtu anayetegea sikio ugomvi wa jirani, kisha akasema, "Bibi, moyo umechoka." Nikamwambia na mimi nimechoka nao, miaka themanini na mmoja tunaishi nyumba moja. Yeye alicheka. Mwanangu hakucheka.

Nikauliza kama nitaiona mvua ikiisha. "Panga mambo yako kama mtu asiyeiona," akasema, "halafu ishi kama mtu atakayeiona." Nikamtuma mwanangu daftari. Sina mengi ya kupanga. Nguo zangu zinaenea sanduku moja. Jambo ninalo moja tu, nalo limo ndani ya kopo la nyuzi, chini ya vifungo.

Mvua bado.

Tarehe 6 Machi

Joto. Mwanangu amelifunga pazia kwa uzi lisinipige usoni. Nimelala kutwa.

Tarehe 9 Machi

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni msimamizi wa chumba cha mitambo katika kituo cha maji cha mji huu. Nami nilifanya kazi humo humo. Niliandika programu inayoendesha mitambo: lini pampu ivute maji mtoni, dawa ya kusafishia iingie kiasi gani, lini valvu kuu ifunge ili maji machafu yasiende mjini. Wanawake wa rika langu waliofanya kazi hiyo ungeweza kuwakalisha wote kwenye kiti kimoja, na nafasi ikabaki. Kompyuta zimebadilishwa mara nne tangu niiandike, lakini programu inahamishwa kila mara kama ilivyo, kama mgonjwa anayebebwa na godoro lake. Hakuna anayethubutu kuigusa.

Leo mezani mkwe wangu alikuwa anakula bila kuangalia sahani. "Kosa la Saba tena," akasema.

"La Saba ndilo lipi?" mwanangu akauliza.

"Valvu kuu haikufunga. Mara ya tatu toka Januari. Spana kaifungua yote, kaipaka grisi, kairudisha, haoni ugonjwa." Spana ndilo jina wanalomwita fundi wa valvu, mtu mzima mwenye watoto wanne. "Mkurugenzi kasema ikifika ya nne, Spana anaondoka."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema valvu nzima kabisa. Lakini mtambo unasema valvu. Sasa nibishane na mtambo?"

Kijiko kilinitoka mkononi. Wakadhani ni ugonjwa.

Tarehe 10 Machi

Sikula.

Tarehe 12 Machi

Nimeamka na nguvu kidogo, na nguvu kidogo ni ya kutumiwa upesi. Naandika.

Mkuu wetu wa zamani tulimwita Mhuri, kwa sababu kwake hakuna kilichokuwa kweli mpaka kigongwe mhuri. Alikuwa na fomu yake. Juu imeandikwa KOSA, chini yake mstari mmoja. Kisha MHUSIKA, chini yake mstari mmoja. "Kosa moja, mtu mmoja," alikuwa akisema. Kila kosa lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mwenyewe. La Tatu, pampu ya dawa imesimama, ni la mtu wa dawa. La Saba, valvu kuu haikufunga, ni la mshika valvu.

Nilipoandika programu, ilinibidi nitengeneze mahali pa kuwekea kosa ili printa iijaze ile fomu. Fomu ina mstari mmoja, nami nikatengeneza kisanduku kimoja. Kosa likiingia linakaa. Likija jingine, linalisukuma la kwanza nje na kukaa lenyewe. Nilijua. Nilijiambia kuwa makosa mawili kwa mpigo ni jambo la nadra. Huo ni upumbavu wa msomi. Makosa ni kama siafu. Ukimwona mmoja ujue ametoka kwenye msafara.

Mshika valvu wetu alikuwa kijana wa miaka thelathini, tukimwita Filimbi. Alipiga mluzi kutwa nzima kwa sauti ile ile ya pampu, mpaka hujui kipi mtu na kipi mashine. Alasiri moja ya mvua kubwa, Filimbi akapiga simu chumba cha mitambo. "Pampu ya dawa imenyamaza," akasema. Aliyepokea akatazama printa, akamjibu, "Mtambo unasema valvu. Nenda kwenye valvu." Akaenda. Dakika arobaini akapambana na valvu isiyokuwa na ugonjwa, na dakika zote hizo maji ya tope yasiyotiwa dawa yalikuwa yanakwenda mjini. Walilazwa watu thelathini na mmoja, saba kati yao watoto. Hakufa mtu. Hilo la hakufa mtu limekuwa mto wangu wa kulalia kwa miaka arobaini na miwili, na ni mto wa mawe.

Fomu ikajazwa: Kosa la Saba. Mhusika: jina lake. Mbele ya kamati alisema, "Pampu ndiyo iliyonyamaza kwanza. Nilikuwa naimba nayo." Wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Sikucheka, lakini sikusema. Akafukuzwa wiki ile ile.

Siku mbili baadaye nilichapisha kumbukumbu ya ndani ya mashine, ambayo ilihifadhi ishara zote kama zilivyoingia. Ni ukanda wa karatasi, upana wa vidole viwili. Kosa la Tatu: saa tisa na dakika kumi na mbili, sekunde ya tano. Kosa la Saba: sekunde ya tisa. Sekunde nne tu. Kosa alilobambikwa Filimbi lilikuwa limelikalia lile la kweli kama kuku juu ya yai.

Nilikwenda na ukanda mpaka mlangoni kwa Mhuri. Mwezi ule nilikuwa nipandishwe cheo, mwanamke wa kwanza pale. Nikamsikia ndani anacheka na mtu. Nikageuka. Ukanda nikautia kwenye kopo la nyuzi.

Na lililo baya zaidi ni hili: programu sikuirekebisha. Ningeigusa, mtu angeuliza kwa nini. Kurekebisha kungekuwa kukiri. Nikaiacha na kidonda chake. Hata ile kumbukumbu ya ndani iliondolewa walipobadilisha mashine mara ya kwanza, nami nikanyamaza tena, moyoni nikishukuru. Nilistaafu kwa hotuba na zawadi ya saa ya ukutani. Saa hiyo inakwenda vizuri hadi leo.

Tarehe 17 Machi

Nimemwambia.

Alikuwa anapiga pasi shati lake la kazi. "Mkwe wangu, kaa," nikasema.

"Sema tu Mama, nasikia. Pasi ina moto."

"Izime."

Akaizima. Nilisema yote bila kupumzika, maana nikipumzika huwa sianzi tena. Nikamkabidhi ukanda. Akaenda nao dirishani, akausoma, akaugeuza nyuma kama kwamba upande wa pili kungekuwa na msamaha.

"Kwa hiyo Spana hana kosa."

"Hana."

"Na umejua tangu lini?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

"Mama, kila Jumapili unaniuliza kazini kunaendaje. Kila Jumapili! Mimi nasema, mkwe gani huyu ana mapenzi na kazi yangu. Kumbe ulikuwa unakitembelea kidonda chako." Akanyoosha mkono wa kulia. "Zile fomu tatu za Spana nimezijaza kwa mkono wangu huu."

Akatoka. Shati limebaki mezani, mkono mmoja umenyooka, mmoja umejikunja.

Tarehe 18 Machi

Hajaniamkia. Mvua ya kwanza imenyesha, nyembamba, kama inayoomba ruhusa.

Tarehe 20 Machi

Leo kaingia na bunda la karatasi, kalitupa kitandani juu ya miguu yangu. Programu yote, mistari elfu sita na kitu. Ukurasa wa kwanza, kwa maneno yangu mwenyewe ya ujana: *Imeandikwa na Bi Mashine.* Ndivyo walivyoniita.

"Haya, Bi Mashine," mkwe wangu akasema, na hakuwa anatania. "Mkurugenzi hangoji hata ya nne, ameitisha kikao cha Spana tarehe thelathini Aprili. Mvua kubwa itafika kabla yake. Tunaanza wapi?"

"Kwenye kisanduku."

"Sijakusamehe."

"Sijaomba bado. Kaa nikuonyeshe."

Tarehe 26 Machi

Mimi nasema, yeye anaandika. Macho yangu hayaoni tena herufi za skrini, lakini programu naikumbuka kama mtu anavyoikumbuka nyumba aliyokulia. Najua hata ubao gani unalia ukiukanyaga.

Kisanduku tumekitoa. Mahali pake tumeweka furushi. Kosa likija linafungwa ndani. Likija jingine linafungwa pamoja nalo. Hakuna linalomtoa mwenzake. Na tumeweka sharti: programu ikijaribu kujiokoa na jaribio lenyewe likashindikana, kushindikana huko kuingie furushini pia, kusilifunike kosa lililokianzisha kisa. Huko ndiko Filimbi alikopotelea. Pampu ya dawa iliposimama, programu iliiamuru valvu ifunge. Valvu ilikuwa jaribio la kujiokoa.

Tukaijaribu kwenye kompyuta yake ya nyumbani, makosa mawili ya kubuni kwa mpigo. Furushi likajifunga vizuri. Kengele ya hatari haikulia.

"Mbona kimya?" akauliza.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kengele nilikuwa nimeifundisha swali moja tu: wewe ni Kosa la Tatu? Kila siku ilijibiwa ndiyo au hapana. Leo limekuja furushi, likaulizwa, likajibu: hapana, mimi ni furushi. Kengele ikaliacha lipite. Tungeiweka kituoni vile, tungekuwa tumetoka kwenye mtambo unaosema uongo tukaingia kwenye mtambo bubu.

"Basi kila anayeuliza afunzwe kufungua furushi na kutazama ndani," mkwe wangu akasema.

"Kila anayeuliza. Programuni wako thelathini na wanane."

"Unawakumbuka wote?"

"Nitawakumbuka."

Tarehe 29 Machi

Wote thelathini na wanane. Kengele imelia, mwanangu akatoka bafuni na povu kichwani akidhani nakata roho.

Lakini furaha fupi. Tukaliachia kosa moja lirudierudie kila sekunde, kama inavyokuwa pampu ikikwama, na baada ya dakika saba skrini ilijaa mistari mia nne na kumi na miwili ya Kosa la Tatu, na ndani yake, mahali fulani, Kosa la Saba moja kama sindano kwenye majani makavu. Mwanzo tulificha kosa kwa kukosa nafasi. Sasa tunalificha kwa wingi.

Tumeyaunganisha yanayofanana. Mstari mmoja: Kosa la Tatu, mara 412. Mstari wa pili: Kosa la Saba, mara 1. Mkwe wangu akasimama, akanyoosha mgongo, akasema, "Hii naweza kuisoma hata nikiwa nakimbia." Kisha akaniletea chai bila kuombwa. Nimeinywa polepole ili idumu.

Tarehe 3 Aprili

Pumzi fupi. Mvua ndefu.

Tarehe 5 Aprili

Mkwe wangu amempata Filimbi. Anatengeneza cherehani, mitaa mitatu kutoka hapa. Miaka yote hii mitaa mitatu! Amempelekea barua yangu na nakala ya ukanda. Jibu lake limerudi kwa mdomo: "Mwambieni nimesoma. Mwambieni nina cherehani za watu."

Nastahili.

Tarehe 11 Aprili

Alikuja saa nne asubuhi, bila taarifa, na mwavuli unaovuja. Ni mzee sasa, mwembamba, masikio makubwa kuliko niliyoyakumbuka. Hakukaa.

"Bi Mashine."

"Filimbi."

"Umezeeka vibaya."

"Na wewe umezeeka vizuri. Dunia haina haki."

"Hilo ulijua kabla yangu," akasema.

Akavuta kiti mwenyewe. Akasema kwamba mke wake marehemu ndiye peke yake aliyemwamini, na kwamba hata yeye Filimbi, miaka ilivyopita, alianza kujiuliza kama alisikia au aliota. "Mtu akikuibia kitu unajua umeibiwa. Wewe uliniibia masikio yangu."

Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, hayakuja. Nilisema, "Nisamehe," nikalia kama mtoto.

Akaniacha nilie mpaka nimalize. "Msamaha una siku yake," akasema. "Kwanza nataka mstari ule wenye jina langu ufutwe. Pale pale kwenye rejista ya makosa ya kituo, niuone kwa macho. Pili, nionyeshe hilo furushi lenu. Nimekuja kwenye mvua, siondoki mikono mitupu."

Mkwe wangu akawasha kompyuta. Filimbi akatazama jaribio: Kosa la Tatu juu, la Saba chini. Akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Sasa yalete kinyume. La Saba lianze."

Tukayaleta kinyume. Skrini ikaonyesha: la Tatu juu, la Saba chini.

"Haya! Hamkuona?" Akapiga goti lake kwa furaha ya ushindi. "Mmeyapanga kwa namba. La Tatu litakuwa mbele siku zote, hata likija mkiani. Miaka arobaini na miwili nalia kitu kimoja tu, nani alinyamaza kwanza. Na nyinyi wasomi wawili mmefunga furushi mkasahau kuandika nani kaingia kwanza!"

Mkwe wangu akanitazama. Nami nikamtazama. Tulikuwa tumetafuta kila ufa na kuuvuka huo.

"Baba, kaa hapo hapo," mkwe wangu akasema, tayari anaandika. "Saa na sekunde, kila kosa. La kwanza kufika, la kwanza kusomwa."

Alikaa mpaka saa nane. Kabla ya kuondoka alifungua cherehani yangu ya zamani iliyokufa, akaipuliza, ikafufuka. Hakusema kwaheri, lakini mwavuli wake ameusahau. Nadhani mtu hasahau mwavuli mahali asipotaka kurudi.

Tarehe 15 Aprili

Mkurugenzi hakutaka. "Programu inafanya kazi tangu nikiwa shule," amemwambia mkwe wangu, "na fomu inataka kosa moja." Wamekubaliana nusu: programu ya zamani na mpya yetu zitatazama mitambo ile ile sambamba, kila moja na skrini yake. Ya zamani ndiyo itakayotiiwa. Yetu itasema tu.

Tarehe 19 Aprili

Mto umepanda. Kutoka dirishani nasikia mifereji inagombana.

Tarehe 24 Aprili

Nitaandika hata ikichukua siku mbili.

Mkurugenzi alikubali aje yule bibi aliyeandika programu, aonyeshwe skrini mbili kabla ya kikao. Mwanangu alinibeba mpaka kwenye gari kama kabati. Filimbi alikuwa amekwisha kufika, amevaa koti. Spana alikuwepo, amesimama karibu na mlango kama mtu aliyekwisha kufungasha. Chumba kimepakwa rangi mpya, lakini harufu ni ile ile, ya umeme na vumbi lenye joto. Chini ya sakafu pampu zinaimba. Filimbi alifumba macho.

Saa nane na nusu mvua ikashuka kama mtu kamwaga. Mkurugenzi alikuwa katikati ya sentensi, ananieleza programu yangu, Filimbi alipofumbua macho ghafla.

"Ya mtoni inakwama," akasema. Kisha, "Ya dawa imenyamaza."

Kengele zikalia. Skrini ya zamani ikaandika kwa herufi kubwa: KOSA LA SABA. Basi.

Mkurugenzi akamgeukia Spana, na maneno yakamtoka, yale yale, kana kwamba yalikuwa yamebaki ukutani miaka yote yakingoja mdomo: "Mtambo unasema valvu. Nenda kwenye valvu."

"Haendi," Filimbi akasema.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyekwenda."

Mkwe wangu hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anasoma skrini yetu, kwa sauti, na sauti yake haikutetemeka. "Kosa la Pili, chujio la mtoni limeziba, saa nane na dakika thelathini na moja, sekunde ya kumi. Kosa la Tatu, pampu ya dawa imesimama, sekunde ya kumi na nne. Kosa la Saba, valvu haikufunga, sekunde ya kumi na nane, mara ishirini na sita."

Matatu. Na kwa mpangilio ule, mtu yeyote aliyewahi kuishi nyumba yenye waya mmoja wa umeme angeelewa. Tope limeziba chujio, kama linavyoziba pia kiangazi mto ukipungua. Pampu ya mtoni inavuta kwa nguvu zote, inakula umeme wote. Ya dawa inazimia. Valvu inaamriwa ifunge na haina nguvu ya kujisukuma. Ndiyo maana Spana hakuona kitu. Kila alipoifungua, umeme ulikuwa umerudi. Valvu haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa na njaa.

"Zima pampu ya mtoni," nikasema, au nilidhani nimesema. Haikuhitajika. Mkwe wangu alikuwa ameshaizima kwa mkono.

Taa zikapata nguvu. Chini ya sakafu kitu kizito kikajisogeza, kikagota. Spana akasema polepole, kama mtu anayemtaja mwanawe, "Imefunga. Yenyewe. Imefunga!"

Sekunde hamsini na moja kwa jumla. Si dakika arobaini. Maji machafu yalibaki kwenye bomba la kituo, yakamwagwa. Mji uliendelea kunywa maji ya tangi la juu na haukujua lolote. Spana na wenzake wakaenda kusafisha chujio kwenye mvua. Alipopita karibu yangu aliinama, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilinuka grisi. Sijapata kupewa nishani, lakini nadhani hunuka hivyo.

Kengele zilipokoma, Filimbi alisimama katikati ya chumba, akasikiliza pampu ya dawa ikiamka. Akakunja midomo. Mluzi ulitoka mkavu kwanza, ukatafuta, ukaipata sauti, ukaikalia sawasawa. Mtu na mashine, hujui kipi kipi.

Mkurugenzi alitazama skrini mbili, moja baada ya nyingine. Kisha akanyoosha mkono akaizima ya zamani.

Tarehe 25 Aprili

Nimelala kutwa, na nimetabasamu kutwa. Mwanangu anasema hata usingizini.

Tarehe 30 Aprili

Kikao cha Spana hakikumhusu Spana tena. Fomu mpya ina mistari mingi, na saa kando ya kila mstari. Neno MHUSIKA limeondolewa. Mahali pake pameandikwa KILITANGULIWA NA NINI. Mkwe wangu ndiye aliyelitunga.

Sikuweza kwenda, kwa hiyo rejista ya zamani imeletwa hapa, kitandani kwangu, na mkurugenzi mwenyewe. Kitabu kikubwa chenye harufu ya panya. Akaufungua ukurasa ule. Jina la Filimbi lilikuwa pale, wino haujafifia. Mkurugenzi akalipiga mstari mwekundu, akatia sahihi, akabandika ukanda wangu pembeni.

"Andika jina langu," nikamwambia.

"Bibi, siku hizi hatuandiki mhusika."

"Mwanangu, huo ni ukurasa wa zamani. Nimengoja miaka arobaini na miwili. Andika: aliyetengeneza kisanduku alijua, akanyamaza."

Akamtazama Filimbi, kama anayeomba ruhusa. Filimbi akakuna sikio.

"Aandike," akasema. "Lakini si hilo peke yake. Tusirudie ujinga wa Mhuri. Andika kwanza, fomu ilikuwa na mstari mmoja. Hilo ndilo lililotangulia. Halafu, huyu bibi akatengeneza kisanduku kimoja. Halafu, pampu ikanyamaza." Akakigonga kitabu kwa kidole. "Halafu, mshika valvu alisikia pampu kwa masikio yake, akaambiwa aende kwenye valvu, akaenda. Liandike na hilo. Nilisikia, nikatii. Halafu bibi akanyamaza. Yafunge yote pamoja."

Mkurugenzi akaandika matano, moja chini ya jingine.

Filimbi akauchukua mwavuli wake nyuma ya mlango. Akaufungua ndani ya nyumba kuona kama bado unavuja, akaufunga, akaurudisha pale pale. "Sasa siku ya msamaha imefika, Bi Mashine," akasema. "Nimekusamehe. Jumatatu nitakuja kuitia mafuta cherehani."

Tarehe 8 Mei

Mkono mzito. Mvua imekatika tangu juzi, nami nimeiona ikiisha. Mwanangu ameniletea maji ya bomba kwenye glasi, nimeyatazama kwenye mwanga, nimeyanywa yote.

Mkwe wangu amepiga simu kutoka kazini, kama afanyavyo kila asubuhi sasa, kunisomea skrini.

"Furushi tupu, Mama."

Nimemwomba anisomee tena.